Shujaa pia anahitaji glavu: Maisha ya Dkt Matthew Lukwiya

HEBU jiulize swali dogo tu. Umeajiriwa hospitalini. Wadini kumeingia ugonjwa usiojulikana, unaua kwa siku chache, na unaanza na wale wanaowashika wagonjwa. Shifti yako inaanza saa mbili usiku. Utaenda? Na ukienda, utataka upewe nini kwanza?

Usijibu haraka. Mwaka wa 2000, mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, kuna watu waliolazimika kujibu swali hilo kila jioni kwa wiki kadhaa. Wengi wao walikuwa vijana kama wewe, wengine wakiwa bado wanafunzi wa uuguzi. Aliyekuwa mbele yao ni daktari aitwaye Matthew Lukwiya. Kama ulizaliwa baada ya mwaka huo, pengine hujawahi kulisikia jina lake, ingawa Uganda ni jina kubwa, na madaktari wa magonjwa ya kuambukiza hulijua kote duniani.

Mara nyingi husimuliwa kama mtu aliyejitoa mhanga, basi. Ni kweli alijitoa. Lakini ukifuata maisha yake hatua kwa hatua utaona kitu kingine ambacho sifa za mazishini hukificha: sehemu kubwa ya kazi yake wakati wa Ebola ilikuwa kuhakikisha wenzake hawahitaji kufa.

Mtoto wa mchuuzi wa samaki

Lukwiya alizaliwa Novemba 24, 1957, katika eneo la Kitgum, kwa jamii ya Waacholi. Baba yake alikuwa muuza samaki. Alikufa maji Matthew akiwa na umri wa miaka 12. Mama akabaki na watoto wanne na biashara ndogondogo, na moja ya hasla za familia ilikuwa kuvusha majani ya chai kwa baiskeli hadi ng'ambo ya mpaka wa Sudan. Matthew alifundishwa na mama yake njia hizo za panya angali mdogo. Kwa hivyo usidhani huyu alikuwa mtoto wa kishua.

Darasani lakini alikuwa moto wa kuotea mbali. Alishika nambari za juu tangu shule ya msingi, akasomeshwa kwa ufadhili hadi akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea udaktari. Mwaka wa 1983 alifika Hospitali ya St Mary's Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, kama daktari mwanagenzi.

Lacor ni hospitali ya Kikatoliki. Iliyoikuza ni familia moja: Piero Corti, daktari Mwitaliano, na mkewe Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Canada, waliofika huko 1961. Lukwiya alikuwa Mprotestanti, na wala hilo halikuwa tatizo. Haukupita muda mrefu kabla ya wawili hao kuona kwamba kijana huyu ndiye angewarithi.

Kisha vita vikaja. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya themanini, kaskazini mwa Uganda kuligeuka uwanja wa mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi, miongoni mwao kundi la Joseph Kony. Lacor ilivamiwa si mara moja. Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1989 waasi walifika wakitaka kuwateka watawa wa Kiitaliano. Lukwiya akajitokeza, akawasihi wawaache watawa wamchukue yeye. Wakamchukua. Alizungushwa msituni kwa wiki nzima akiwa na koti lake la udaktari kabla ya kuachiliwa. Aliporudi, alirudi kazini.

Mwaka uliofuata alipata nafasi ya kusomea magonjwa ya watoto wa nchi za joto huko Liverpool, Uingereza. Alifaulu vizuri hivi kwamba alipewa nafasi ya kubaki afundishe. Unaijua hesabu hiyo: mshahara wa pauni, watoto kusoma Ulaya, hakuna risasi usiku. Alikataa, akarejea Gulu. Katika miaka hiyo ya vita alifungua milango ya hospitali kwa wanavijiji waliokimbia mashambulizi ya usiku, hadi ikawa watu 9,000 wanalala katika uwanja wa hospitali kila siku.

Mwishoni mwa 1998 alihamia Kampala na mkewe Margaret na watoto wao ili arudi chuoni, safari hii kusomea afya ya umma. Hapo ndipo simu ilipomkuta.

Simu ya Oktoba

Oktoba 7, 2000, Dkt Cyprian Opira, aliyekuwa akikaimu uongozi wa hospitali, alimpigia. Kulikuwa na ugonjwa wa ajabu. Watu walikuwa wanakufa, na miongoni mwao wanafunzi wa uuguzi wa Lacor. Lukwiya alisafiri siku iyo hiyo, akafika Gulu jioni.

Aliyofanya usiku huo yanafaa kufundishwa kila chuo cha matibabu. Hakuanza kwa kukimbilia wadini kushika watu mikono. Alikaa chini na mafaili. Alipitia rekodi za wagonjwa waliokuwa wamefariki karibuni, moja baada ya nyingine, na akapata 17 wenye dalili zilizofanana. Kisha akachukua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliotokana na mkurupuko wa Ebola mjini Kikwit, nchini Congo, mwaka wa 1995, akaulinganisha na alichokuwa nacho mezani. Akaamini ni Ebola, ugonjwa ambao Uganda haikuwa imewahi kuuona.

Kumbuka nini kilitokea Kikwit. Watu 315 waliugua, na 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Yaani mmoja kati ya kila wanne. Ebola huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, na anayegusa vitu hivyo kila saa ni muuguzi na mfagiaji wa wadi. Lukwiya alijua kwamba asipowalinda hao, hakutabaki mtu wa kumtibu yeyote.

Hakungoja barua kutoka juu ndipo aanze. Aliwasiliana moja kwa moja na wizara ya afya jijini Kampala, na kabla maabara haijasema lolote alikuwa ameshafungua wadi ya kuwatenga wagonjwa. Watakaofanya kazi humo walikuwa wa kujitolea. Wangevaa gauni, kofia, barakoa, miwani ya kujikinga, glavu mbili juu ya mkono mmoja na gambuti. Wangefundishwa namna ya kuvaa na, muhimu zaidi, namna ya kuvua, kwani wengi huambukizwa wakati wa kuvua. Matokeo ya vipimo kutoka Afrika Kusini yalipotangazwa katikati ya Oktoba kuthibitisha Ebola, Lacor ilikuwa imeshaanza kazi.

Hapo ndipo unapoona tofauti kati ya ujasiri na upumbavu. Mtu jasiri aliyevaa glavu mbili ataamka kesho amhudumie mwingine.

Hata hivyo vifo havikukoma. Wagonjwa walikuwa wengi, joto ndani ya mavazi yale si mchezo, na mtu aliyechoka hukosea. Nje ya geti hali haikuwa bora: baadhi ya watu waliwakwepa wauguzi kama mkosi. Umezika mwenzako asubuhi, jioni majirani hawataki hata salamu yako.

Siku wafanyakazi waliposema imetosha

Mwishoni mwa Novemba ikafika siku moja ya kutisha ambapo watu saba walifariki Lacor, watatu kati yao wakiwa wahudumu wa afya. Wafanyakazi takriban 400 walikusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi. Walitaka hospitali ifungwe.

Ni rahisi kuwahukumu ukiwa umeketi kwenye matatu na simu mkononi. Lakini hebu jiweke kwenye viatu vyao. Una miaka 22. Mwenye kitanda kando yako hosteli ameshazikwa. Mama yako kijijini anakutegemea wewe. Hujui kama homa uliyo nayo ni malaria au ni ile nyingine. Watu wale hawakuwa waoga. Walikuwa wameshafanya kazi ile kwa wiki saba.

Lukwiya alisimama mbele yao. Aliwakumbusha siku alipoondoka na waasi badala ya wengine, na akawaambia kwamba hospitali ikifungwa, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Walijadiliana kwa saa nyingi. Mwishowe waliamua kubaki, na mkutano ukaisha kwa nyimbo.

Hadithi hiyo husimuliwa sana, na huwasisimua watu. Lakini itazame kwa jicho la pili. Hospitali nzima, na pengine eneo lote, lilibaki limeshikiliwa na heshima ya mtu mmoja. Wafanyakazi wale walibaki kwa sababu walimwamini Lukwiya. Je, kama asingekuwepo? Kama angekuwa amebaki Liverpool akifundisha? Nchi haiwezi kupanga mambo yake ikitarajia kila hospitali itakuwa na Lukwiya wake.

Na hata Lacor haikubaki na Lukwiya wake kwa muda mrefu. Mkutano huo ulipofanyika, kuna uwezekano mkubwa kwamba virusi vilikuwa tayari mwilini mwake.

Miwani iliyokosekana

Siku chache kabla ya mkutano huo, alfajiri ya Novemba 20, muuguzi mmoja wa Lacor aliyekuwa amelazwa na Ebola alichanganyikiwa kwa ugonjwa. Alikuwa akivuja damu, akikohoa, akitoka kitandani. Walinzi wake wa zamu waliingiwa na hofu, wakaenda kumwamsha Lukwiya. Alikuja mbio. Alivaa barakoa, kofia, gauni, glavu na gambuti. Hakuvaa miwani. Alimsaidia mgonjwa, akamsafisha, akakaa naye. Muuguzi huyo alifariki muda mfupi baadaye.

Wengi walioshuhudia wanaamini ndipo alipoambukizwa. Mtu aliyewafundisha wenzake kila hatua, aliyeamshwa usingizini baada ya zaidi ya wiki sita za kazi bila pumziko la maana, alikosa kitu kimoja kwa dakika chache. Ndiyo maana wataalamu husema ulinzi si vifaa tu. Ni zamu fupi. Ni watu wa kutosha. Ni mtu wa kusimama mlangoni kukukagua kabla hujaingia, hata kama wewe ndiwe bosi.

Novemba 26 alianza kuhisi homa. Vipimo vikaonyesha ni Ebola. Alilazwa na kutengwa kama wagonjwa wengine, akihudumiwa na wale wale aliowafundisha. Margaret alitoka Kampala, akaruhusiwa kumwona akiwa amevaa mavazi ya kujikinga. Hali yake ilitengenea kidogo, kisha ikabadilika. Alifariki Desemba 5, 2000, saa saba na dakika ishirini usiku, akaacha mjane na watoto.

Alizikwa siku iyo hiyo, na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, waombolezaji wakitazama kwa mbali. Kaburi lake liko katika uwanja wa hospitali, kando ya la Lucille Teasdale. Na Lucille alikufa na nini? Ukimwi, mwaka wa 1996. Aliambukizwa virusi akiwafanyia upasuaji majeruhi wa vita, enzi ambapo kujikata kidogo chumbani humo kulitosha. Wakubwa wawili wa hospitali moja, wote wameuawa na kazi.

Mkurupuko wa Gulu ulitangazwa kuisha Februari 27, 2001. Watu 425 walikuwa wameugua na 224 wamefariki. Wakati huo ulikuwa ndio mkubwa zaidi wa Ebola kuwahi kurekodiwa. Lacor peke yake ilipoteza zaidi ya wafanyakazi 10. Lakini hospitali haikufungwa, na hadi leo inatibu watu.

Sasa tuongee pesa

Kuna watu wakisikia wauguzi wanadai marupurupu ya ziada wakati wa dharura, hushtuka. Ati huu si wakati wa kuongea doo, watu wanakufa. Ati kazi hii ni wito.

Sawa, ni wito. Lakini wito haulipi kodi ya nyumba. Mhudumu anayefanya kazi katika wadi ya Ebola mara nyingi harudi kwake kwa wiki kadhaa, kwa hivyo kuna chumba cha kulipia, chakula cha kununua, mtu wa kuwaangalia watoto. Landilodi akijua anakofanya kazi, huenda akamtupia virago. Kibarua cha pembeni kinakufa. Na akifariki, wanaobaki nyuma wanahitaji fidia, si cheti cha pongezi.

Pesa hizo zisipofika kwa wakati, hasara humrudia kila mtu. Novemba 2014, Ebola ikiwa imeshika Sierra Leone, wafanyakazi wa kuzika maiti mjini Kenema waliacha miili hadharani nje ya hospitali kwa sababu posho yao ya kazi ya hatari haikuwa imelipwa. Mwezi mmoja mapema wahudumu wa afya nchini Liberia walikuwa wamegoma kwa sababu hiyo hiyo. Kabla mkurupuko huo wa Afrika Magharibi haujaisha, wahudumu zaidi ya 500 walikuwa wamekufa.

Na usidhani ni mambo ya zamani. Septemba 2022 Ebola ilirudi Uganda, safari hii Mubende, na ilikuwa aina ile ile ya Sudan iliyomuua Lukwiya, ambayo haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Madaktari wanagenzi katika hospitali ya rufaa ya Mubende waliweka vifaa chini. Madai yao? Vifaa vya kujikinga, marupurupu ya hatari na bima. Miaka 22 baada ya Gulu, vijana walikuwa wakiuliza swali lile lile. Katika mkurupuko huo wahudumu 19 waliambukizwa na saba wakafariki. Mmoja wa waliofariki alikuwa daktari kijana Mtanzania aliyekuwa Uganda akisomea upasuaji.

Hapa kwetu unakumbuka Desemba 2020. Corona ikiwa imepamba moto, daktari mmoja mwenye umri wa miaka 28 alifariki, na ikaripotiwa kwamba alikuwa amefanya kazi kwa miezi kadhaa bila mshahara. Mwezi uo huo wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari waligoma. Walitaka vifaa bora vya kujikinga, bima ya matibabu, fidia kwa familia za waliofariki na marupurupu ya kazi ya hatari. Kwa dunia nzima, WHO ilikadiria kwamba takriban wahudumu 115,000 wa afya walikufa kwa Corona kufikia Mei 2021. Wengi wao walikuwa wamepigiwa makofi kwenye madirisha na veranda.

Makofi si mabaya. Tatizo ni yakija badala ya kitu kingine.

Pengine wewe unayesoma haya uko KMTC, au dada yako anangoja kupangiwa hospitali ya kufanyia mafunzo, au rafiki yako ni mhudumu wa afya wa kijamii mtaani. Siku akiitwa kwenye dharura, asione haya kuuliza mapema. Nani ananipa glavu, na zikiisha usiku nipigie nani? Zamu ni ya saa ngapi? Marupurupu ni kiasi gani, yameandikwa wapi, na yanalipwa lini? Nikiugua, nani analipa bili? Nikifa, watu wangu watapata nini? Anayeuliza hivyo hana roho ngumu wala tamaa. Anafanya alichofanya Lukwiya usiku wa kwanza pale Gulu, alipofungua mafaili na mwongozo kabla ya kumtuma mtu yeyote wadini.

Na wewe usiye mhudumu, siku ukiwaona barabarani na matawi na filimbi, kabla hujawaambia wamwige yule daktari wa Gulu, kumbuka kwamba alikufa kwa kukosa miwani. Waulize kwanza kama wao wanayo.